Mfupa wa Mtoto Hauvunjiki Bure

"Mfupa wa mtoto hauvunjiki bure," alisema Kaanaeli, na maneno hayo aliyasema mchana kweupe, kwenye korido ya hospitali, mbele ya wauguzi na wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa. Aliyasema kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu tangu ujanani na hakuwa tena na kipimo cha sauti yake mwenyewe. "Mfupa wa mtoto ni mbichi, kama tawi la mkahawa mchanga. Ukiupinda unapinda, ukiuachia unarudi. Huu umevunjwa na mtu."

Mtu huyo alikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Aliitwa Lesian, mume wa Magreth, binti pekee wa Kaanaeli. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi na buti zake za mpira za shambani, kichwa ameinamisha, mikono ameilaza juu ya mapaja.

Ndani ya wodi, mtoto wao Naisiae, wa miezi kumi na minne, alikuwa amelala chali, miguu yote miwili imefungwa bandeji na kuning'inizwa juu kwa kamba na mawe ya uzito, maana ndivyo linavyotibiwa paja la mtoto mdogo lililovunjika. Magreth alikuwa amesimama kando ya kitanda, anamfukuzia nzi ambao hawakuwepo.

Lesian alikuwa ameeleza mara tatu jinsi ilivyotokea, na mara zote tatu maneno yalikuwa yaleyale. Yeye na mkewe walifanya kazi katika shamba moja la maua Usa River. Magreth alifunga mawaridi tangu asubuhi, Lesian zamu yake ya kumwagilia ilianza saa tisa alasiri, kwa hiyo mchana alibaki yeye na mtoto katika chumba chao cha kupanga. Siku ile alikuwa anamvalisha soksi. Alishika kisigino, akavuta soksi, akasikia kitu kinalia kama kijiti kikavu. Basi. Hapakuwa na zaidi.

"Soksi!" alisema Kaanaeli. "Tangu lini soksi ikavunja paja?"

Na tena haikuwa mara ya kwanza. Naisiae alipokuwa na miezi saba mkono wake ulivunjika, na siku hiyo vilevile alikuwa na baba yake. Alijigonga kwenye ubao wa kitanda, Lesian alisema wakati ule, na wote wakaamini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kaanaeli asingelitamka kwenye korido. Hakuwahi kupenda bintiye aolewe na Mwarusha wa upande wa pili wa mlima. Alitaka kijana wa jirani, Mmeru mwenzao, wa ukoo unaojulikana hadi babu wa nne. Lesian alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, akaimba besi kwenye kwaya ya usharika, akamsalimia mama mkwe kwa heshima zote, lakini hayo hayakumtosha. Upole wake wenyewe ulimkera. "Mpole kupita kiasi ana analoficha," aliwahi kumwambia jirani walipokuwa wakichuma kahawa. Kwa miaka miwili moyo wake ulikuwa umekaa tayari, unasubiri kosa. Siku ile ukalipata.

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akashuka njia ya mteremko kutoka Nkoaranga hadi barabara kuu, akaenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Alitaja mkono, akataja paja. Saa saba mchana Lesian alichukuliwa kutoka kwenye benchi lilelile.

Alikaa mahabusu siku tisa, kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Lakini maneno hayaachiwi. Pale alipopanga, akina mama waliwavuta watoto wao ndani akipita. Mtu alimwandikia mlangoni kwa mkaa neno ambalo Magreth alilifuta kwa maji na halikufutika. Kazini msimamizi alimwambia apumzike kwanza, na likizo hiyo haikuwa na siku ya kurudi.

Magreth alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimpenda mumewe, na alikuwa ameiona miguu ya mwanawe ikining'inia. Mtoto aliporuhusiwa kutoka wodini walifikia kwa Kaanaeli, Nkoaranga, na huko mama yake alimkuta anafunga virago vya kurudi Usa River.

"Chagua," Kaanaeli alimwambia. "Ukirudi kwa yule, usije kunililia siku ya kumzika huyu mtoto."

Magreth aliketi juu ya begi lake kwa muda mrefu. Kisha akalifungua, akaanza kuzitoa nguo moja moja.

Lesian alipanda Nkoaranga mara tatu. Mara ya kwanza alikuja na mzee wa kanisa, mara ya pili na kaka yake mkubwa, na mara zote mbili Kaanaeli aliwapokea kwa chai na kuwarudisha kwa hoja. Mara ya tatu alikuja peke yake, amebeba kibuyu cha maziwa, akasimama nje ya uzio wa masale.

"Shikamoo, mama."

Kaanaeli hakuitikia.

"Mama, naomba nimwone tu. Sitamgusa. Nitasimama hapahapa nje, mumlete mlangoni nimwone."

"Umwone umfanye nini?"

Lesian alitazama chini. Alikuwa amekonda. "Mama, mimi mwenyewe najiuliza. Pengine nilivuta kwa nguvu. Pengine mikono yangu ina nguvu nisizozijua. Lakini sikukusudia, Mungu anajua."

"Kumbe umekiri," alisema Kaanaeli.

Lesian alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akakiweka kibuyu chini, taratibu, akageuka. Kaanaeli alikichukua, akamwaga maziwa yote kwenye shina la mgomba. Alipoinua macho alimwona kijana bado hajafika kwenye kona. Alikuwa amesimama njiani, anatazama.

Baada ya hapo hakuja tena.

Paja la Naisiae liliunga upesi, kama mifupa ya watoto inavyounga, na Kaanaeli akajichukulia jukumu la kumlinda. Hakuruhusu mtoto acheze kwenye njia zile za mteremko. Alimbeba mgongoni akienda kulima, akamketisha kwenye mkeka akichuma kahawa, akamkalisha jikoni akipika. Majirani walisema bibi anamdekeza. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, mwerevu wa maneno, na miguu yake ikaanza kupinda kidogo kama upinde. "Matege tu," walisema watu. "Ni haya maji yetu." Magreth alipata kazi ya kuuza duka la vifaa vya shule huko Sekei, akawa anarudi jioni. Jina la Lesian halikutajwa ndani ya nyumba ile.

Naisiae alikuwa ametimiza miaka minne na miezi kadhaa siku ambayo Kaanaeli alimwogesha uani. Ilikuwa Jumamosi, jua limetoka vizuri baada ya mvua za masika. Mtoto alikuwa kwenye beseni, anaimba wimbo aliofundishwa Shule ya Jumapili, anapiga maji kwa viganja. Bibi alimshika chini ya kwapa kumwinua, kama alivyomwinua kila siku. Mguu mmoja ukateleza, mtoto akayumba, na Kaanaeli akamdaka mkono asianguke.

Hakusikia kitu, masikio yake yalikuwa yamekwisha kufifia mno. Alihisi kwa kiganja. Kitu kiliachia ndani ya mkono ule mdogo, chini kidogo ya bega, kwa wepesi ambao hata muwa haukatiki hivyo. Kisha akaona kinywa cha mtoto kimefunguka.

Kaanaeli hakulia wala kupiga yowe. Alibaki amepiga magoti kwenye tope la maji ya sabuni, amemshika mjukuu wake, na jambo moja likampitia mwilini kutoka utosini hadi nyayoni: hakuwa amevuta. Alimshika kama anavyoshikwa mtoto. Hakuna mtu duniani angeweza kumshika kwa upole kuliko alivyomshika.

Hospitali ya Nkoaranga walimfunga mkono kwa hogo la plasta. Tabibu kijana aliyempokea alimulika tochi kwenye macho ya mtoto, akayatazama, akayatazama tena, kisha akaandika barua ya rufaa kwenda Moshi.

Walikwenda watatu. Daktari waliyeambiwa wamwone aliitwa Evaresta, mama mmoja wa Kilimanjaro mwenye miwani na mazungumzo ya taratibu. Alizipanga picha za mifupa kwenye kioo chenye taa, zile za zamani na mpya, akazikagua moja moja. Kisha akamwinua Naisiae kidevu.

"Mmewahi kuona weupe wa macho yake ulivyo?" aliuliza. "Si mweupe. Una rangi ya bluu, kama maziwa yaliyochanganywa maji."

Magreth alisema ndiyo, tangu kuzaliwa, walidhani ni uzuri tu. Daktari akamgeukia Magreth, akamtazama macho. Akamgeukia Kaanaeli, akamtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, wewe masikio yalianza kukusumbua lini?"

Magreth alirudia swali kwa sauti karibu na sikio la mama yake.

"Nilipomzaa huyu. Ni kwinini, nilikunywa sana kwinini."

"Na mifupa? Ulishawahi kuvunjika?"

Kaanaeli alitaka kusema hapana. Kisha akakumbuka. Mkono wa kushoto, alipoanguka kwenye ngazi ya ghala. Mkono uleule tena, akiwa darasa la pili. Mguu, kwenye mfereji. Mama yake alikuwa akimwita mtundu, naye maisha yake yote aliamini alikuwa mtundu. Halafu akamkumbuka Gadiel, kaka yake, ambaye hakuwa amemtaja kwa miaka arobaini: mtoto aliyebebwa kwenye ngozi ya mbuzi kwa sababu akishikwa alipiga kelele, akavunjika mara zisizohesabika, akafa kwa surua kabla ya kuanza shule.

"Na wewe?" daktari alimuuliza Magreth.

"Kifundo cha mkono. Mara mbili. Kwenye netiboli."

Daktari Evaresta alivua miwani. "Mnajua nyumba ya fito na udongo?" alisema. "Mfupa ndivyo ulivyo. Ndani kuna fito, laini lakini ngumu kukatika, na juu yake mwili unakandika chokaa inayotoka kwenye chakula. Fito zikiwa nzima, mfupa unapinda kidogo na kurudi. Kwenye ukoo wenu fito zinatoka chache. Mtoto amezaliwa hivyo. Hata mama mzazi akimvalisha nguo, mfupa unaweza kuvunjika."

Magreth aliuliza kwa sauti ndogo, "Hata akivalishwa soksi?"

"Hata soksi."

Kaanaeli hakusikia neno lenyewe, lakini aliliona kwenye midomo ya daktari.

Daktari aliendelea, maana alikuwa na wagonjwa wengine. Mfupa, alisema, si jiwe. Kila siku kuna wafanyakazi wadogo mwilini wanaobomoa mfupa mkuukuu na wengine wanaojenga mpya mahali pake, na kwa mtoto wajenzi hufanya kazi kuliko wabomoaji, ndiyo maana anakua. Mfupa hurefuka kwenye ncha zake na kunenepa kwenye kuta zake. Wa Naisiae ukivunjika huunga upesi kama wa mtoto yeyote, ila unajengwa kwa fito zilezile chache. Ipo dawa ya dripu ya kuwatuliza wabomoaji ili wajenzi wapate nafasi. Angeipata pale Moshi kila baada ya miezi michache. Na akishapevuka, pengine hatavunjika mara kwa mara.

"Anatembea kiasi gani kwa siku?" aliuliza.

"Hatembei sana," Magreth alisema. "Bibi yake humbeba. Anamwogopea."

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma. "Acheni kumbeba. Mfupa usiofanya kazi, mwili huona hauna haja nao, unaubomoa. Atembee. Acheze juani. Ale dagaa, anywe maziwa."

Waliporudi nyumbani Kaanaeli alisubiri bintiye amlaumu. Magreth alimlaza mtoto, akafunika moto, akaja kusimama mbele ya mama yake mahali ambapo midomo yake ingeonekana vizuri.

"Siku ile ulisema mfupa wa mtoto hauvunjiki bure."

"Nilisema."

"Na mimi nikakusikiliza," alisema Magreth. Akaenda zake chumbani. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

Wiki hiyohiyo Kaanaeli alisafiri hadi Ngaramtoni, akapanda bodaboda kwenda juu, akaulizia boma la akina Lesian. Alikuta nyumba mpya ya bati. Msichana mmoja mwembamba, ushanga shingoni, alikuwa mlangoni ananyonyesha. Alijitambulisha kuwa ni Nashipae, mke wa Lesian. Kaanaeli aliketi, akapokea bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akasubiri.

Lesian alitokea na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Alipomwona mgeni alisimama. Kisha akautua mzigo, akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Kaanaeli, na akaanza kupiga magoti. Magoti yake hayakuwa mepesi. Lesian aliruka kumzuia, kisha mikono yake ikasita hewani kabla ya kumfikia.

"Mama, usinifanyie hivyo mbele ya nyumba yangu. Kaa. Sema ulichokuja kusema."

Alisema yote. Beseni, mkono, macho ya bluu, Gadiel kwenye ngozi ya mbuzi. Alisema vibaya, kwa kurudi nyuma na kuanza upya. Lesian alisikiliza bila kukatiza, na alipomaliza aliuliza jambo moja tu, karibu na sikio lake.

"Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

"Haikuwa mikono yako. Ilikuwa damu yangu mimi. Wewe ulimvalisha soksi tu."

Nashipae alikuwa ameacha kumtikisa mtoto. "Huyu ana miezi mitano," alisema, hamsemeshi mgeni wala mumewe. "Baba yake hajambeba hata siku moja. Nikimpa anasema mikono ina tope. Nikimletea maji anawe, anasema ana safari. Nilidhani hampendi."

Aliinuka, akamnyooshea Lesian mtoto. Mvulana mnene, mikono yenye mikunjo, anacheka na hewa. Lesian alimtazama. Uso wake ukakunjamana kama wa mtu anayeinua kitu kizito, mikono ikaenda nyuma ya mgongo.

"Ng'ombe hawajanywa maji," alisema, akaondoka.

Kaanaeli alimsubiri hadi alasiri. Lesian hakurudi. Alipoaga, Nashipae alimsindikiza hadi njiani, akamwambia, "Umefanya vizuri kuja, koko, bibi yangu. Umechelewa, lakini umefanya vizuri."

Nyumbani, Magreth aliuliza swali lake akiwa amempa mama kisogo, kisha akakumbuka, akageuka. "Ameoa?"

"Ameoa. Ana mtoto wa kiume."

Magreth alitikisa kichwa kukubali. Aliendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima kule, hadi yakaisha kwenye ungo. Tangu siku hiyo alizungumza na mama yake mambo ya lazima: chumvi imekwisha, mtoto ana kikohozi. Ikawa hivyo mwezi, ikawa hivyo mwaka.

Kaanaeli aliacha kumbeba mjukuu. Ilimgharimu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Kila asubuhi alikaa kizingitini, amejishika mikono, akamtazama Naisiae akishuka njia ya mteremko hatua kwa hatua hadi kwa jirani na kupanda tena, na kila jiwe alilokanyaga mtoto Kaanaeli alilikanyaga moyoni. Naisiae alivunjika tena mara moja, kidole cha mguu. Miguu ikaanza kupata nyama.

Siku ya dripu ya tatu, huko Moshi, Magreth alikuwa kazini na Kaanaeli alimpeleka mtoto peke yake. Sindano ilikuwa imekwisha ingia, Naisiae amekaa kitandani anapaka rangi kwenye daftari kwa mkono wa kulia, alipomvuta bibi yake kitenge.

"Bibi, yule anaangalia hapa."

Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, alikuwa ameketi Lesian. Kaanaeli alikuwa amemtumia ujumbe wa tarehe kupitia simu ya Nashipae, miezi iliyopita, bila kujibiwa. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Mikono yake alikuwa ameikalia.

"Ni nani?" mtoto aliuliza kwa kuinua sauti, maana ndivyo alivyozoea kuongea na bibi.

"Ni baba yako."

Naisiae alifikiri. "Mbona amekaa mbali?"

Wodi ilikuwa na watu, na Kaanaeli hakujua kama alikuwa ananong'ona au anapiga kelele. "Mimi ndiye niliyemfukuza," alisema. "Hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye mwenye kosa."

Akina mama wa vitanda vya jirani waligeuka. Lesian alikuwa amesikia. Lakini hakuinuka. Alikaa palepale hadi chupa ya dripu ilipokwisha na muuguzi kuchomoa sindano. Ndipo Naisiae akateremka kitandani mwenyewe, kama alivyofundishwa, mguu huu kwanza, kisha huu, akavuka wodi kwa mwendo wake wa kuyumba, akasimama mbele yake na kumwonyesha daftari.

Lesian alizitazama picha zile kwa makini, ukurasa hadi ukurasa. Mtoto ndiye aliyefunua. Alipochoka kusimama aliegemea goti la baba yake, na Lesian akabaki ametulia kabisa, hapumui, mikono bado ameikalia.

Siku hiyo hakumgusa. Alimuaga kwa maneno, akamwambia Kaanaeli, "Mama, mwisho wa mwezi wa nane, kwenye dripu yake ijayo, nitakuja tena," akatoka kwenda kutafuta basi la Arusha.